Bibi Mwosha na Haki ya Mke Mwenzie

Kila ilipokaribia Idi ya kuchinja, Bibi Mwosha alishuka mnadani kutafuta mbuzi, na wauza mbuzi walipomwona kwa mbali walianza kucheka kabla hajafika. Hakutazama unono. Hakupapasa mgongo wala kidari kama wanunuzi wengine. Alitazama miguu. Aliinama, akainua kwato moja baada ya nyingine, kisha akamwamuru muuzaji amtembeze mbuzi mbele, amrudishe nyuma, ampandishe juu ya jiwe na kumshusha.

"Bibi, unataka kumla au kumpanda?" muuzaji mmoja alimwuliza siku ambayo nilimsindikiza.

"Kumpanda," alijibu bila kuinua uso. "Siku ya Kiyama kuna daraja linaitwa Siraat. Jembamba kuliko unywele, kali kuliko upanga, na chini yake ni moto. Watu wote tutapita hapo. Mnyama uliyemchinja kwa ajili ya Mungu ndiye atakayekubeba. Sasa wewe uniuzie anayechechemea, nikifika katikati akaniangusha, nitakutafuta wapi?"

Muuzaji alikuwa Mhehe, Mkatoliki, na alimtazama Bibi Mwosha juu hadi chini, maana alikuwa mwanamke wa kujaza mlango. "Kwa mwili huo, Bibi, mimi ningechukua ng'ombe."

"Ng'ombe tunachinja kwa kushirikiana watu saba," alisema Bibi Mwosha. "Nigombanie mgongo mmoja na wenzangu sita, juu ya unywele? Lete mbuzi."

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Kilutheri kutoka upande wa Njombe, nimepangiwa kazi Iringa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilipata chumba Mlandege katika nyumba iliyopakana ua na nyumba yake. Kazi yake aliyojulikana nayo mjini ilikuwa kuosha maiti wa kike wa Kiislamu na kuwavika sanda. Alikuwa na jina, lakini hakuna aliyelitumia. Hata watoto waliokwenda kumwomba chumvi walisema, "Bibi Mwosha, mama anaomba chumvi," na yeye aliitika kama vile ndilo aliloitwa siku aliyozaliwa. Kwao wapi, baba yake nani, sikuwahi kuuliza, naye hakuwahi kusema.

Kwanza nilimwogopa. Mtu anayetoka kushika maiti asubuhi na mchana anakuletea bakuli la maharage, unayala? Siku za mwanzo nilimshukuru, nikaingia nayo ndani, na maharage yakaishia kwa paka. Siku moja akasimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

"Mwalimu, paka wako ananenepa na wewe unakonda. Mikono hii imeosha watu safi kuliko wewe. Wao hawana tena baya la kufanya. Kula."

Nikala. Yalikuwa maharage matamu kuliko yote niliyowahi kula Iringa, na tangu siku hiyo paka akarudi kwenye panya.

Hofu yangu nyingine ilikuwa kwamba atataka kunihubiria. Hakunihubiria. Aliongea habari za huko tuendako kama watu wengine wanavyoongea habari za safari ya Dodoma: nani yuko njiani, mtu abebe nini, mahali gani watakukagua. Watu wa msikitini walizisikia habari hizo kwa sheikh zikiwa na vitisho. Kwake zilikuja na chai.

Alinieleza kwamba mtu akishazikwa na waliomsindikiza wakigeuka kuondoka, anasikia nyayo zao zikififia. Halafu wanakuja malaika wawili, Munkar na Nakir, wanamkalisha, wanamwuliza: Mola wako nani? Dini yako ipi? Mtume wako nani? Ndiyo maana sheikh hukaa kaburini baada ya maziko na kumsomea marehemu talakini, yaani kumkumbusha majibu.

"Wewe mwalimu wa shule," aliniuliza, "umeona wapi mtihani ambao maswali yanajulikana, majibu yanajulikana, na bado siku ya mwisho mtu anasimamiwa na mwalimu pembeni anamtajia, halafu watu wanafeli?"

"Sijaona."

"Basi upo huo. Maana siku hiyo anayejibu si mdomo. Mdomo nimeufunga mwenyewe kwa kitambaa. Yanajibu uliyoyafanya."

Nikamwuliza hao malaika wanauliza kwa lugha gani. Swali hilo lilimfurahisha sana, akavuta kigoda. Sheikh alisema Kiarabu, akaniambia, na yeye hambishii sheikh. Lakini alishawahi kumwosha bibi mmoja wa Kalenga ambaye hata Kiswahili kilimpiga chenga, maisha yake yote alisema Kihehe tu. "Mungu aliyemwumba yule bibi anajua amemwumba wapi," alisema. "Mimi nina hakika walimwamkia kwanza, *kamwene*, ndipo wakaanza kuuliza."

Alikuwa na tabia ya kushtukiza watu. Mko sokoni mnachagua njegere, yeye anamgeukia mwenzake wa Kiislamu ghafla: "Mola wako nani?" Mwenzake asiposema haraka, anatikisa kichwa: "Njegere zimekushinda, kaburi utaliweza?" Kuna mama mmoja mwuza vitumbua aliyezoea kiasi kwamba alimjibu huku akigeuza vitumbua, bila kuacha kuhesabu, na Bibi Mwosha akatangaza soko zima kwamba huyo amefaulu.

Kulikuwa na fundi mwashi mtaani kwetu, Mwislamu wa kuzaliwa, ambaye jioni ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulimtembeza badala ya miguu yake. Huyu alipenda kumchokoza. Alisimama nje ya ua na kuuliza, "Bibi Mwosha, ni kweli peponi kuna mito ya pombe?"

"Ipo. Tamu, na hailevyi."

Fundi alifikiri kwa muda mrefu, ameshika uzio. "Sasa kama hailevyi, ya nini?"

Bibi Mwosha alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye aliniambia kwamba alimwombea dua fundi yule kwa sababu ya swali hilo. "Mtu anayeuliza kwa ukweli namna ile," alisema, "si wa kutupwa." Na fundi, sijui ni dua au ni aibu ya kuchekwa, alianza kupita mbali na nyumba zetu siku za Ijumaa akiwa amelewa.

Msimfikirie ni mtu wa mzaha tu. Nilimsikia kazini. Mwezi wa Juni na Julai Iringa ina baridi ya kukata masikio, na kukiwa na msiba jirani, kazi yangu mimi Mlutheri ilikuwa kuchochea moto nje ya pazia na kupasha maji. Alikuwa mkali juu ya maji hayo. Yakiwa ya baridi aliyarudisha. Yakiwa ya moto sana aliyarudisha pia.

"Hasikii, Bibi," mwanamke mmoja alimwambia.

"Wewe umewahi kufa?"

Na kutoka nyuma ya pazia nilimsikia akiongea na marehemu kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemwogesha mtoto mchanga: "Nakuinua mkono, dada. Nakugeuza kulia sasa, usishtuke. Haya, tumemaliza mgongo." Sikuwahi kusikia mtu aliye hai akitendewa kwa upole ule.

Alichokiona nyuma ya pazia hakikutoka nje. Dini inamkataza mwosha kusema aibu ya maiti, naye alilishika hilo kwa meno. Kuna mwanamke alifariki mtaani, mtu mgomvi, mwenye ulimi wa kuchoma, ambaye karibu kila nyumba alikuwa ameiachia kovu. Walimwengu wakajaa uani wakisubiri. Walitaka kujua kama uso uling'aa au ulikuwa mweusi, kama ulikunjamana, kama mwili ulikuwa mzito kuinua. Bibi Mwosha alitoka akifuta mikono, akawatazama wote wale walivyonyoosha shingo, akasema:

"Alikuwa na meno mazuri sana."

Akaenda kunywa uji. Tangu siku hiyo Mlandege ukimsifia mtu meno, anakutazama vibaya.

Sasa, mtu huyu asiyeogopa maiti, aliyeongea na kaburi kama jirani, aliogopa ubao. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na mtaro, na wakati wa mvua ulijaa, tukatupia ubao wa kuvukia. Watoto waliuvuka wakikimbia. Bibi Mwosha alifika pale, akasimama, akasoma dua, akanyoosha mkono nimshike, akaweka mguu mmoja, akautoa. Mara nyingine tulizunguka mpaka barabara kubwa kwa sababu ya mtaro ambao mbuzi angeuruka.

"Bibi, na ile Siraat je?" nilimwuliza tukiwa tumelowa.

"Kule sivuki mimi, anavuka mbuzi," alisema. "Hapa mbuzi yuko wapi?"

Na watu wakimsengenya, alifurahi waziwazi. Aliamini, kama Waislamu wanavyofundishwa, kwamba anayekusengenya anakupa thawabu zake siku ya hesabu, na zikimwishia anachukua dhambi zako. Nilimletea siku moja habari kwamba jirani fulani anasema yeye ni mchafu, anafuga pepo wa makaburini. Nilitegemea atakasirika. Aliuliza tu, "Aliyasema mbele ya watu wengi?" Nikasema ndiyo, bombani. "Mungu ambariki," akasema. "Yule huwa anafunga hata Jumatatu na Alhamisi. Zile zote zangu."

Lakini kwa upande wake mwenyewe, alihangaika. Alirudia mara kwa mara kwamba dhambi kati yako na Mungu, Mungu husamehe akitaka, maana ni yake. Ila ukimdhulumu mtu, hiyo ni haki ya mja, na Mungu hamsamehei mtu haki ya mwenzie. Mpaka mwenyewe aseme. Kwa hiyo kabla ya kila Ramadhani alifunga kanga vizuri, akazunguka mtaa mzima nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Watu wengi husema, "Nisamehe kama nilikukosea," wakapita. Yeye alitaja. Aliingia kwa watu na kuwaambia mambo ambayo hawakuyajua kabisa, akaacha nyumba nyingine zina ugomvi mpya.

Kwangu alikuja mwaka wa kwanza, akaketi, akashusha pumzi.

"Mwalimu, nilisema ugali wako haujaiva. Nilimwambia mama mwenye cherehani, na nadhani binti yake alisikia."

"Haya, Bibi, nimekusamehe."

"Ahsante."

Nikashindwa kuvumilia. "Lakini ni kweli hauivi?"

"Hauivi kabisa," alisema akiinuka. "Ila sikupaswa kumwambia."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na mimi niliamini kwamba kama kuna mtu Iringa nzima asiyekuwa na mzigo, ni yeye. Mpaka alipougua.

Ilikuwa baridi ya Juni. Ilimwingia kifuani, akalala, akawa anakohoa hadi kitanda kinasogea. Nilikuwa nikitoka shuleni napitia kumkorogea uji. Mchana mmoja nilimkuta amekaa wima, macho makavu, hataki uji, hataki blanketi. Nikadhani homa imepanda.

"Mwalimu," alisema, "mimi nilikuwa na mtoto. Ulijua?"

Sikujua. Tangu nihamie pale sikuwahi kusikia akitaja hata mume.

Akaniambia. Mume wake alikuwa na wake wawili, yeye mkubwa. Alipata mtoto wa kiume baada ya kungoja sana. Mtoto alikuwa amekwisha kuanza kusimama kwa kushika ukuta, ndipo akapata homa akafa mchana mmoja, kati ya adhuhuri na alasiri. Mke mdogo ndiye aliyekuwa amempakata, kwa sababu yeye mama alikuwa amekwenda kuteka maji.

"Tunafundishwa," alisema, "mtoto mdogo akifa, siku ile anamsubiri mama yake mlangoni. Akimwona anakuja anaushika upindo wa nguo yake, haachi, mpaka aingie naye. Hilo nalijua. Halinipi shida. Mwanangu yupo mlangoni."

Akakohoa. Nilimshika mgongo.

"Lakini nilirudi kisimani kesho yake, kabla hata matanga hayajaisha, na wanawake wamejaa pale, nikasema kwamba mke mwenzangu ndiye amemla mwanangu. Nikasema nilimwona na dawa. Sikumwona na dawa, mwalimu. Sikumwona na kitu. Nilimwona anamlia mwanangu kuliko mimi, ikaniuma."

Habari ilitoka kisimani ikazunguka. Watu wakamtenga yule mwanamke, wakamtemea mate njiani. Mume akaandika talaka. Aliondoka na mtumba mmoja wa nguo, akaenda kwa kaka yake Usangu, Ubaruku, kulima mpunga. Mume naye akafariki baada ya miaka. Bibi Mwosha hakumwona tena mke mwenzie.

"Sasa niambie wewe uliyesoma. Siku ile mwanangu atanivuta huku, mke mwenzangu atanivuta kule, ana haki yake. Nguo ile itabaki nzima?"

Nilimwambia kitu cha Kilutheri, kwamba Mungu ni mwingi wa rehema. Alinigusa shavu, kwa huruma, kama vile mimi ni mwanafunzi aliyejibu swali la darasa lingine.

"Ni mwingi. Lakini hili si lake. Nikipona, twende Ubaruku."

Akapona. Shule zilipofungwa tukapanda basi la kwenda Mbeya. Alikuwa msemaji mpaka Makambako. Tulipoteremka Igawa na kuingia kwenye lori la kwenda Ubaruku, tukikaa juu ya magunia matupu pamoja na Wasukuma waliokuwa wakirudi kwenye ng'ombe wao, aliushika mkono wangu na hakuuachia hata lori liliposimama.

Usangu ilinishangaza mimi niliyezoea vilima. Nchi ilikuwa tambarare hadi macho yachoke, na mpunga ulikuwa umeshika mashuke, unaelekea kukauka. Na ndege! Wale wadogo wa kwenda kwa makundi, wanashuka kama vumbi. Kila shamba lilikuwa na ulingo, jukwaa la miti lenye ngazi, na juu yake mtu anayepiga debe na kurusha udongo kwa kombeo. Tukaulizia. Wakatuonyesha ulingo mmoja, na juu yake mwanamke mkavu, mrefu, kilemba cheupe, anawatukana ndege kwa Kisangu na Kiswahili kwa zamu.

Bibi Mwosha akasimama chini. Hakuwa na haja ya kujitambulisha. Yule wa juu aliacha kupiga debe, akamtazama.

"Umenenepa," alisema.

"Nimekuja kuomba radhi," Bibi Mwosha akasema. Sauti yake sikuijua. Ilikuwa ndogo.

"Unasemaje? Ndege wanapiga kelele."

"Nimekuja kuomba radhi kwa nililokusingizia."

"Sisikii."

Nikajua anasikia. Bibi Mwosha naye akajua. Mke mwenzie akainama, akashika nguzo ya ulingo. "Kule kisimani ulinong'ona?" aliuliza. "Ulisema watu wote wakasikia. Sasa hapa unataka kuniambia mimi peke yangu, kama siri?"

Bibi Mwosha akafunga kanga yake vizuri kifuani, akageuka kuelekea mashamba, na kwa ile sauti aliyokuwa akitangazia sokoni Iringa, akapaza:

"Enyi watu! Mimi ni mke mwenzie na huyu mama! Nilisema ameniulia mtoto! Nilisema uongo! Mwanangu alikufa kwa homa! Huyu alimpakata vizuri mpaka mwisho, na mimi nilisema uongo!"

Madebe yakanyamaza kwenye ulingo mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Watu walisimama juu ya majukwaa yao wakitutazama. Ndege wakashuka kwa raha kwenye mpunga wa kila mtu, na kwa muda hakuna aliyewafukuza. Bibi Mwosha alikuwa akilia wazi, kifua chake kikipanda na kushuka. Yule wa juu alijifuta uso kwa ncha ya kilemba, haraka, kama anayefuta jasho.

Kisha akapiga debe kwa nguvu, tukashtuka sote.

"Nimesikia," alisema. "Sijasema nimekusamehe. Panda huku, mikono inaniuma."

Bibi Mwosha akaitazama ngazi. Ilikuwa miti miwili iliyofungwa vijiti kwa kamba za magome, na ilikuwa inayumba. Akanitazama mimi. Nilifungua mdomo niseme kwamba Bibi anaogopa, akanifunga kwa jicho. Akavua viatu. Alipanda ngazi ile akitetemeka kila kijiti, anataja majina ya Mungu moja baada ya jingine, mimi nimeikumbatia ngazi chini, na mke mwenzie juu anasema, "Polepole, utaniangushia ulingo." Mwisho alimshika kwapani akamvuta. Wakakaa pale wawili, migongo inagusana kwa ufinyu wa nafasi, kila mmoja anatazama upande wake wa shamba. Mmoja akapiga debe. Mwingine akajifunza kombeo, na udongo wake wa kwanza ukanipiga mimi.

Nilikaa siku chache, nikarudi Iringa peke yangu. Bibi Mwosha alisema atanifuata akishasamehewa. Wakati wa kuvuna ulipita, hakuja. Mlandege walipata mwosha mwingine, mama wa heshima, mpole, asiyecheka. Nilipopitia msibani siku moja nikasikia kimya nyuma ya pazia, nikatamani sana ile sauti.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini nilihamishiwa shule moja upande wa Mbeya, nikapata nyumba Uyole. Wakati huo nguo na sukari vilikuwa vya kupanga foleni, na mchele mzuri ulikuwa wa kusikia harufu yake kwa jirani. Jumamosi moja mchana, kuna manyunyu, nilikuwa sokoni karibu na mahali malori yanapopumzika, nikasikia kelele za wanawake wawili wazee.

"Jaza! Debe lina mdomo, lina shingo, wewe umejaza mpaka kifuani tu!"

"Si mchele wangu?"

"Ni wako hapa. Kuna mizani nyingine mbele, pale hakuna wa kumwambia, 'Si mchele wangu?'"

Na mkono mnene ukazama kwenye gunia, ukaongeza konzi mbili kwenye debe la mteja, na mkono mkavu ukajaribu kurudisha moja. Mteja alikuwa akitazama kama anayetazama mpira.

Nilipiga kelele. Bibi Mwosha alinyanyuka kutoka kwenye magunia, akanikumbatia hadi nikakosa pumzi. Alikuwa amepungua, amekuwa mweusi kwa jua la Usangu, na amepata lafudhi ya kule. Mke mwenzie alinipa mkono, akaniuliza kwa utani kama yule mwalimu wa ngazi bado anaishi, akarudi kwa mteja wake.

"Bibi," nikamwuliza, "ameshakusamehe?"

"Bado," mke mwenzie alijibu kwa ajili yake, bila kugeuka. "Nalifikiria."

Nikachanganyikiwa. Ilikuwa imepita miaka. Bibi Mwosha akanivuta pembeni, nyuma ya lori, tukajikinga manyunyu chini ya turubai linaloning'inia.

"Usimwambie," alisema kwa sauti ya chini. "Alishanisamehe zamani. Tunalala chumba kimoja. Akimaliza swala ya alfajiri anadhani nimesinzia, anaomba. Anasema, Ee Mola, mke mwenzangu nimemwachia, usije ukamwuliza kwa ajili yangu. Halafu anamwombea mwanangu. Anamtaja kwa jina lake, mwalimu. Hakuna mwingine duniani anayelikumbuka jina lile ila mimi na yeye."

"Sasa mbona humwambii umesikia?"

Alinitazama kana kwamba sijakua hata kidogo.

"Nikimwambia, yeye atakuwa hana cha kuninyima, na mimi sina cha kusubiri. Nitabaki Ubaruku kwa sababu gani? Yeye hawezi kuniomba nikae, ana kiburi yule, hujamjua. Mimi nami siwezi kuomba." Akatazama kule kwenye magunia, ambako mke mwenzie alikuwa anabishana na mteja wa pili. "Basi tumekaa hivi. Malaika wanaoandika wanajua. Watu hawahitaji kujua."

Dereva akapiga honi. Mchele ulikuwa umekwisha, lori lilikuwa linarudi. Mke mwenzie alipanda kwanza, mwepesi kama msichana, akageuka akamnyooshea mikono yote miwili. Bibi Mwosha alipandishwa kwa kuvutwa na yeye na kusukumwa na mimi na utingo, analalamika kwamba tunamvunja. Wakakaa juu ya magunia matupu, wakagawana kanga moja kichwani kwa sababu ya manyunyu.

Lori likaanza kusogea kuelekea Chimala. Nilitembea kando yake hatua kadhaa, nikisema kwaheri, na ndipo nikamsikia Bibi Mwosha akiuliza, kwa sauti ya unyonge ambayo kama nisingemjua ningeiamini:

"Mwenzangu, leo je?"

Na yule mwingine, akimvutia upande mkubwa wa kanga, akajibu:

"Niulize kesho."